Kabla hujapenda picha igeuze kwanza: namna ya kukusanya stika za zamani za ndani ya maboksi ya vitafunwa

Wengi wakianza kukusanya hizi stika wanavutwa na picha, na nawaelewa kabisa maana hata mi nilivutwa na picha, yule chura aliyetoa ulimi, yule nzi wa bandia wa kumbandikia mtu kwenye kikombe ashtuke, yale macho mawili makubwa ya kubandika mlangoni. Lakini nakuomba kabla hujaipenda picha uigeuze hiyo stika uangalie mgongo, kwa sababu karibu kila unachotaka kujua, ina umri gani, ni halali au kopi, itadumu au ndo inakufa taratibu, bei unayotajiwa ina maana au haina, yote yako kule nyuma kwenye gundi na kile kikaratasi kinachoshikilia gundi.

Fikiria tu, stika ni kitu kilichotengenezwa kitumike kiishe. Sarafu inapita mikononi inabaki sarafu, kadi mtoto anaichezea inabaki kadi hata kama imekunjika pembe, ila stika ikishabanduliwa na kubandikwa kwenye kitanda au daftari basi safari yake imeisha. Mtoto anafungua boksi, anatafuta zawadi kabla hata ya kula, anabandika papo hapo. Kwahiyo zile tunazozikuta leo zikiwa nzima ni zile zilizosahaulika, iliyobaki ndani ya boksi ambalo halikufunguliwa, iliyoingizwa kwenye bati la vifungo, iliyowekwa na mtoto mmoja mpole aliyekuwa hataki kuiharibu. Nikishika moja huwa namfikiria huyo mtoto, kwamba alijizuia.

Sa tuanze na historia kidogo kwa sababu bila hiyo utanunua vitu usivyovijua. Mfano mkubwa wa zawadi ndani ya boksi ni Cracker Jack ya Marekani, zile bisi na karanga zilizopakwa karameli yenye molasi, waliozianzisha ni ndugu wawili wa ukoo wa Rueckheim pale Chicago na jina lenyewe walilisajili 1896. Zawadi ndani ya kila boksi ilianza 1912. Miaka miwili mbele, 1914, waliweka kadi za wachezaji wa besiboli 144, na 1915 wakaweka 176, na hizo kadi saivi ni mali ya watu wazito, sisi wa stika hatuzigusi. Baadaye vikaja vitu vya bati, vya karatasi, vya plastiki, halafu kwenye miaka ya karibu zaidi stika na tatoo za kulowanisha kwa maji zikachukua nafasi kubwa kwa sababu ni bapa, ni nyepesi, na mtoto hawezi kuzimeza kirahisi kama filimbi ya plastiki. Kampuni ilinunuliwa na Borden 1964, ikaja kununuliwa na Frito-Lay 1997, na 2016 zawadi ya kushika mkononi ikaondolewa ikawekwa msimbo wa kuskani kwa simu. Hiyo miaka mitatu ya mwisho ikariri vizuri, 1964, 1997, 2016, maana jina la kampuni lililochapwa kwenye stika au kwenye kijibahasha chake linakuwekea ukuta mbele na nyuma. Ukiona Borden basi iko kati ya 1964 na 1997, hamna mjadala.

Upande wa Japani nako kuna bahari nzima. Kampuni ya Lotte walitoa biskuti za wafa zenye chokoleti zinaitwa Bikkuriman mwaka 1977, na stika za mwanzo kabisa zilikuwa za kushtua watu, yaani unabandika mahali mtu akiona anaruka, ndo maana kwangu zile za mwanzo zina utamu kuliko hata zilizokuja kupata umaarufu. Umaarufu ulikuja 1985 walipoleta seri ya mashetani na malaika, wafa moja yen 30, ikawa watoto wananunua kwa makasha, wanachukua stika halafu wafa wanatupa. Ilifika mahali mwaka 1988 tume ya biashara ya haki ya Japani ikaingilia kati kwa sababu stika adimu zilikuwa chache mno ukilinganisha na za kawaida. Kwa mkusanyaji hii habari ina maana kubwa, stika ya kabla ya hapo na ya baada ya hapo zinaweza kufanana sura lakini uadimu wake sio sawa, kwahiyo usikubali mtu akuuzie kwa neno "adimu" bila kukwambia ni ya toleo gani.

Haya turudi mgongoni. Kuna aina mbili kubwa za gundi na lazima uzitofautishe kwa jicho.

Ya kwanza ni ya kulamba, kama stempu ya posta. Nyuma hamna karatasi ya pili, kuna mng'ao mkavu, ukiinamisha kwenye mwanga inang'aa kama kioo chenye vumbi. Hizi zinajikunja zenyewe kama jani kavu kwa sababu karatasi na gundi havivuti unyevu kwa kiwango kimoja. Kujikunja sio ugonjwa, usiogope, ila usijaribu kuinyoosha kwa pasi wala kwa maji, ukiilowanisha tu umeiua. Adui yake ni unyevu. Jasho la vidole tu linatosha kuacha alama ya kidole kwenye gundi, na alama hiyo haitoki.

Ya pili ni ya kubandua, yenye karatasi laini nyuma. Teknolojia hiyo ilianza na R. Stanton Avery kule Los Angeles mwaka 1935 kwa lebo za madukani, lakini kwenye vitu vya watoto ilichukua muda kuenea. Mfano mzuri ni stika za Wacky Packages za kampuni ya Topps ya Marekani, hizi zilikuwa zinatoka na bigijii sio kwenye boksi la vitafunwa ila ni ndugu wa damu wa hizi zetu, toleo la 1967 lilikuwa la kulamba, na 1973 ndo zikaja za kubandua ambazo zilivuma kweli kweli. Kwahiyo mtu akikuletea stika ya kubandua akasema ni ya mwanzoni mwa miaka ya 50 kutoka kwenye boksi la bisi, muulize maswali mengi kabla hujatoa hela.

Sasa hii ya kubandua ndo yenye matatizo na ndo nyingi. Gundi za zamani zilikuwa za mpira, na mpira ukikutana na hewa na joto miaka nenda rudi unapitia hatua, kwanza unakuwa wa njano, halafu unalainika unakuwa kama asali unavuja pembeni, mwisho unakauka unakuwa ganda la kahawia na stika inadondoka kwenye karatasi yake yenyewe. Nina moja ya simba mdogo, ukubwa wa vidole viwili, mbele rangi ziko vile vile kama jana. Ila ukiitazama kwa karibu kuzunguka ukingo kuna utepe mwembamba wa njano, upana wa uzi wa kushonea, na ukigusa pembeni kwa kucha inanata kidogo. Huo uzi wa njano ndo hatua ya pili inaanza. Nimeinunua kwa sababu nampenda huyo simba, lakini nililipa bei ya stika inayougua, sio bei ya stika nzima, na wewe ujifunze kulipa hivyo. Muuzaji akikupa picha ya mbele tu mwambie apige na ya nyuma, na nyingine ya ukingo kwa karibu na mwanga utoke ubavuni. Asipotaka achana nayo, nyingine itakuja.

Hapo naongea kwa uchungu. Kuna mtu alishaniuzia seti akasema hazijatumika, picha za mbele safi kabisa, zilipofika nageuza nakuta karatasi ya nyuma ni mpya, nyeupe pee, imekatwa kwa mkasi kufuata umbo, yaani zilikuwa zimeshabanduliwa mahali zikapakwa gundi ya dukani zikawekewa mgongo mwingine. Utajuaje? Karatasi ya kiwandani ina dalili zake. Mara nyingi ina mkato mwembamba wa kusaidia kubandua, umenyooka kama umepigwa rula, na ukingo wa karatasi na ukingo wa stika vimekatwa na mashine moja kwahiyo vinalingana au vinapishana kwa kiasi kile kile kwenye kila stika ya seti. Mkono wa mtu haulingani. Pia ile ya kiwandani imezeeka pamoja na stika yake, ina rangi ya chai iliyopauka, na kama stika ilikunjika pembe basi na karatasi ina mkunjo huo huo pale pale. Mkunjo uko mbele ila nyuma hamna, basi hao wawili hawakuzeeka pamoja.

Kopi nazo zipo na zinaongezeka kwa sababu printa za nyumbani zimekuwa nzuri. Nunua ile lenzi ndogo ya masonara ya kukuza mara 10, ni kitu cha kwanza kabisa cha kununua, kabla ya albamu na kabla ya stika yenyewe. Weka jichoni, sogeza stika mpaka uione vizuri. Uchapaji wa zamani wa kiwandani, ule wa ofseti, unakuonyesha vidoti vilivyopangwa kwa mistari, vya duara, vya bluu na vyekundu na njano na nyeusi, vinafanya maua madogo madogo, na maandishi meusi yana ukingo mkali. Printa ya wino inakuonyesha vidoti vilivyotawanyika ovyo kama mchanga uliomwagwa. Ukishaona mara moja hutasahau. Kipimo kingine ni taa ya UV ile ya kukagulia noti, zima taa za chumbani umulike karatasi. Karatasi nyingi za kisasa zinawaka buluu nyeupe kali kwa sababu ya kemikali za kung'arisha ambazo zilianza kutumika sana kuanzia miaka ya 50. Kwahiyo inayodaiwa kuwa ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia halafu inawaka kama shati jeupe disko, hiyo ni uongo. Ila angalia usihukumu kinyume chake, stika halali ya miaka ya 70 inaweza kuwaka vile vile, taa inakwambia tu kwamba sio ya zamani sana, haikwambii kwamba ni kopi.

Kama umepata na boksi lenyewe una bahati, boksi linaongea zaidi. Anwani ya Marekani yenye namba tano za posta mwishoni ni ya kuanzia 1963, ndo mwaka zilipoanza. Mistari ile ya kuskani dukani ilianza kutumika 1974, kwahiyo boksi lenye mistari haliwezi kuwa la kabla ya hapo. Jedwali la virutubisho lenye mpangilio wa sasa, lile la fremu nyeusi, likawa lazima 1994. Ukiunganisha hayo matatu na jina la kampuni unaweza kubana boksi kwenye miaka michache sana bila kumuuliza mtu. Halafu kwenye stika yenyewe tafuta maandishi madogo kabisa ukingoni au kwenye karatasi ya nyuma, namba ya seri, jina la mchapaji, alama ya hakimiliki. Mwaka wa hakimiliki sio lazima uwe mwaka wa kutolewa lakini haiwezi kuwa ya kabla ya huo.

Kuhusu kufungua kijibahasha. Zawadi nyingi zilikuja zimefungwa kwenye kikaratasi kidogo ili zisilowe mafuta na sukari, na kila mkusanyaji anafika siku anashika kimoja ambacho hakijafunguliwa na moyo unamdunda. Msimamo wangu ni huu, usifungue kama ndo kimoja pekee ulichonacho. Kiweke juu ya kioo cha simu chenye mwanga mweupe, mara nyingi utaona kivuli cha umbo na hata rangi. Kama unavyo viwili vya seri moja, fungua kimoja, na ufungue kwa ile mbavu iliyogundishwa, polepole, kwa kisu chembamba cha plastiki, usichane juu. Kijibahasha kitupu kilichofunguliwa vizuri kihifadhi pamoja na stika yake, vikitengana vyote viwili vinapungua maana.

Sasa kuhifadhi, na hapa naomba usome taratibu kwa sababu hapa ndo watu wanaua vitu vyao wenyewe kwa upendo. Mi mwenyewe nilianza na mifuko laini ya plastiki ya albamu, ile yenye harufu ya pazia jipya la bafuni, nikazipanga stika zangu kwa rangi nikafurahi. Baada ya miaka kadhaa nikataka kutoa moja nikasikia inashikilia, nikavuta, wino ukabaki kwenye plastiki, nyota nzima ya njano imehamia kwenye mfuko. Hiyo plastiki ni PVC, ina vilainishi vinavyotoka polepole vinayeyusha wino na gundi, na ikizeeka inatoa na asidi. Harufu ndo kengele, mfuko wa albamu ukinuka usiweke kitu chako humo. Unachotaka ni poliesta, polipropilini au polietilini, hizo hazinuki na hazinati. Karatasi za albamu ziwe zisizo na asidi. Na zile albamu za picha zenye kurasa za kunata na plastiki ya kufunika juu, hizo usizisogelee kabisa, gundi yake yenyewe ndo tatizo.

Stika zinazoanza kuvuja gundi usizibananishe. Weka kila moja juu ya kipande cha karatasi ya kuokea keki, ile yenye silikoni, gundi haiishiki, halafu ndo uingize kwenye mfuko wa poliesta. Zile za kutuna kama mto, zenye sponji ndani na vinaili juu, zikae peke yake kabisa mbali na nyingine, maana vinaili yake nayo ina vilainishi vile vile, na usizipange zikaelemeana kwa sababu zinabonyea na hazirudi. Za kukwaruza ukanusa, jamani, usikwaruze. Harufu imefungwa kwenye vipovu vidogo sana visivyoonekana, kila ukikwaruza unavipasua na havijazwi tena. Ukitaka kujua kama bado ina harufu inuse hivyo hivyo, nyingine bado zinatoa ndizi au chokoleti bila kuguswa.

Mahali pa kuweka pawe pakavu pa wastani na pa baridi kiasi, unyevu kati ya asilimia 30 na 50 ni mzuri, kipimo kidogo cha unyevu ni bei rahisi na kinakaa ndani ya kabati. Usiweke darini wala karibu na ukuta wa bafu. Joto ndo linalofanya gundi itembee kwahiyo hata kwenye gari usiache. Mwanga unakula rangi, hasa nyekundu na njano zinaondoka mwanzo, na zile za rangi kali za kuwaka zinaondoka haraka kuliko zote, kwahiyo ukitaka kuweka kwenye fremu ukutani weka kopi uliyoskani, halisi ilale gizani. Na kwa sababu hivi vitu vilikaa pamoja na sukari na mafuta, usiingize kitu kipya kabatini siku hiyo hiyo. Kiweke kwenye mfuko wa zipu peke yake wiki mbili tatu, chunguza kama kuna unga unga, mayai, au vile vidudu vya rangi ya fedha vinavyokula karatasi. Boksi lipige brashi laini kavu tu, chembe za karameli zilizoganda zitoe kwa ncha ya kijiti cha mbao, maji hapana.

Swali naloulizwa sana ni stika iliyobandikwa tayari, kwenye kifuniko cha daftari au mlango wa kabati la zamani, nibandue? Usibandue. Asilimia kubwa itachanika, na hata ikitoka imepoteza mgongo. Daftari la mtoto lenye stika sita na jina lake na hesabu za kujumlisha ndani ni kitu kizima, linakuonyesha zilivyotumika, zipi zilitoka msimu mmoja, mtoto alibandika ipi katikati. Mi ninayo madaftari mawili ya hivyo na siyabadilishi na seti yoyote ile mpya.

Kununua, anza na mafungu. Yale ambayo muuzaji amemwaga kila kitu kwenye picha moja, zawadi za karatasi, tatoo, stika, vikadi, hajui ni nini hataki kujua. Pale bei ya kimoja kimoja inashuka sana na unajifunza kwa kushika. Kuza picha uangalie kila kona. Tafuta kwa maneno mengi tofauti, kwa jina la kitafunwa, kwa neno zawadi, kwa neno lebo, na makosa ya tahajia pia, maana asiyejua alichonacho hawezi kukiandika sawa. Halafu chagua mstari wako mapema, kampuni moja, au muongo mmoja, au aina moja kama za kushtua watu tu, la sivyo utajikuta una droo tatu za vitu na huna seti hata moja.

Kila inayoingia iskani pande zote mbili kwa 600 dpi, yaani vidoti 600 kwa inchi, kabla hujaiweka, jina la faili liwe namba yako, na kwenye daftari au jedwali andika umeipata lini, kwa nani, kwa shilingi ngapi, mgongo ukoje, ukingo una njano au bado. Kila mwaka chukua kumi zozote bila kuchagua uzilinganishe na skani ya zamani. Yule simba wangu nampima hivyo, ule uzi wa njano mwaka jana ulikuwa haujafika kwenye mkia. Zinazojirudia usizirundike, badilishana na wenzako, na ukituma weka kati ya makadibodi mawili magumu, karatasi ya silikoni pande zote, bila selotepu kugusa mfuko wa ndani, na andika juu isikunjwe wala isiachwe juani.